Satelaiti itazame nini? Waulizwe pia vijana wa Mara

Mkoani Mara, mwezi ni kalenda ya jikoni. Ukiwa mpevu, mitumbwi ya dagaa hutulia mwaloni, nyavu hushonwa na mboga hiyo huadimika sokoni. Mwezi ukififia na giza kurudi, wavuvi wa Mwigobero, Makoko na visiwa vya jirani huingia tena ziwani na taa zao, kwa sababu dagaa hufuata mwanga, na taa ya mvuvi haiwezi kushindana na mbalamwezi. Mama anayeanika dagaa ufukweni huenda hakupata nafasi ya kusoma elimu ya nyota, lakini anajua siku za mwezi kuliko mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyekariri majina ya sayari nane.

Usiku wa giza, Musoma huwa na miji miwili. Mmoja uko nchi kavu, kwenye mawe na vilima vyake. Mwingine unaelea: mstari mrefu wa taa za wavuvi unaoishia pale ambapo jicho haliwezi tena kutofautisha taa na nyota. Mji huu uko takriban nyuzi moja na nusu kusini mwa ikweta, hivyo kwa mwaka mzima mkazi wake anaweza kuona karibu nyota zote, za kaskazini na za kusini. Mtu wa London hana bahati hiyo, na wa Cape Town pia hana.

Jioni baada ya jua kuzama, au kabla ya alfajiri, hupita pia nukta inayong'aa na kutembea kimya bila kumetameta. Hiyo mara nyingi ni satelaiti, chombo kilichopelekwa na binadamu kuizunguka dunia. Watoto huionyeshana kwa vidole na kushindana nani ameiona kwanza. Swali ambalo hawajazoeshwa kuliuliza ni hili: nani aliiambia itazame nini?

Swali hilo sasa lina uzito. Mwaka 2023, Serikali ya Tanzania ilitangaza nia ya kuwa na satelaiti yake. Umoja wa Afrika ulipitisha sera na mkakati wa anga za juu mwaka 2016, na Aprili 2025 ukazindua Shirika la Anga za Juu la Afrika jijini Cairo, Misri. Mtoto aliyeko darasa la tano Musoma leo ndiye atakayeishi na maamuzi yanayofanywa sasa. Safari fupi kutoka Musoma kwenda Bunda na kumalizia Butiama inatosha kuonyesha kwa nini yeye na kaka zake wanapaswa kuulizwa mapema.

Musoma: Dhoruba inayokuja usiku

Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, na karibu nusu yake iko Tanzania. Ukubwa huo hulifanya litengeneze hali yake ya hewa. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku mambo hugeuka: ardhi hupoa, maji hubaki na joto, na upepo kutoka pande zote hukimbilia katikati ya ziwa. Hapo hewa yenye unyevu hupanda juu, mawingu hujikusanya, kisha huja radi, mvua na mawimbi. Ndiyo sababu dhoruba kali za ziwa hili hupenda usiku, saa zilezile ambazo vijana wa dagaa wako majini.

Kila familia ya mwaloni inajua maana yake. Mtumbwi usiporudi asubuhi, wanawake hukusanyika ufukweni bila kuitwa.

Mwaka 2016, watafiti waliochapisha kazi yao katika jarida la Nature Communications walitumia taarifa za satelaiti kuonyesha jambo lenye manufaa makubwa: mvua za radi zinazoonekana nchi kavu kuzunguka ziwa wakati wa mchana hutoa dalili ya dhoruba ya usiku unaofuata. Kwa maneno mengine, picha zinazopigwa kutoka juu kabisa mchana zinaweza kumsaidia mtabiri kumwambia mvuvi abaki nyumbani jioni. Satelaiti za hali ya hewa za Ulaya ziitwazo Meteosat hukaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta na kuipiga picha Afrika mara kadhaa kila saa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ni miongoni mwa wanaotumia aina hiyo ya picha kuandaa utabiri.

Hata hivyo, picha nzuri haimwokoi mtu isipomfikia. Hapa ndipo kijana wa mwaloni anapojua mambo ambayo mhandisi aliyeko mbali hayajui. Anajua kuwa mitumbwi huondoka kabla ya giza, hivyo tahadhari inayotangazwa kwenye taarifa ya habari ya usiku huwakuta wahusika wameshaondoka. Anajua kuwa simu wakati mwingine huachwa nyumbani kwa kuogopa maji, au hubebwa ikiwa imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki na chaji inakaribia kwisha. Anajua nani mwaloni akisema "leo msiende" watu watamsikiliza, na nani watamcheka.

Mpango wa satelaiti unaoandaliwa bila maarifa hayo unaweza kufaulu angani na kushindwa ufukweni. Kumshirikisha kijana huyu kunaufanya mpango uwe sahihi.

Ziwa lina maswali mengine ya afya. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yanayosumbuliwa zaidi na kichocho, ugonjwa unaopitia kwa konokono wa maji baridi. Satelaiti haiwezi kumwona konokono, lakini inaweza kuonyesha magugu na maji yaliyotuama kando ya ziwa, mazingira ambayo konokono huyo huyapenda. Inaweza kuonyesha pia maji yanapobadilika rangi na kuwa ya kijani kwa wingi wa mwani. Mei 2020, kina cha ziwa kilipofika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, Uganda, kikapita kidogo rekodi ya mita 13.41 ya mwaka 1964. Mwaka huo maji yalipanda hadi kwenye vyoo na visima vya pembezoni mwa ziwa. Kwa ofisa afya, vyoo kufunikwa na maji ni onyo la kipindupindu.

Bunda: Tembo, mvua na mbu

Ukiiacha Musoma na kufuata barabara kuu ya kwenda Mwanza, unaingia Bunda, nchi ya pamba, mtama, mihogo na mahindi. Mbele ya mji, barabara hiyo inapita Ndabaka, moja ya malango ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Vijiji kama Kunzugu na Hunyari vinapakana na wanyama. Msimu wa mavuno unapokaribia, baba na vijana wake hulala shambani wakipiga madebe na kuwasha mioto, kwa kuwa kundi la tembo linaweza kumaliza chakula cha mwaka mzima kwa usiku mmoja.

Athari zake haziishii ghalani. Kijana aliyekesha shambani husinzia darasani. Familia iliyopoteza mahindi hupunguza mlo. Anayelala nje anaumwa na mbu usiku kucha, na malaria bado ni ugonjwa wa kawaida ukanda huu.

Katika ikolojia ya Serengeti, wataalamu huwavalisha baadhi ya tembo kola zinazotuma mahali walipo kupitia satelaiti. Tembo mwenye kola akikaribia makazi ya watu, askari wa wanyamapori wanaweza kupata taarifa na kuwahi. Ni msaada wa kweli, lakini una mpaka wake: tembo wengi hawana kola. Tena taarifa huanzia kwa askari, wakati anayelala shambani ni mwingine. Kijana wa Hunyari akipewa nafasi ya kuuliza, swali lake la kwanza huenda likawa: kwa nini ujumbe huo usifike pia kwenye simu ya mwenyekiti wa kitongoji chetu?

Mvua nayo inapimwa kutoka juu. Satelaiti hukadiria kiasi cha mvua, joto la ardhi na ukijani wa mimea hata mahali ambapo hakuna kipimo cha mvua. Kwa mkulima wa pamba, hiyo ni habari ya lini apande. Kwa mganga wa zahanati, ni habari ya mbu, kwa sababu wagonjwa wa malaria huongezeka wiki kadhaa baada ya mvua kunyesha na madimbwi kujaa. Wiki hizo chache zikitumika vizuri, dawa, vipimo na vyandarua vinaweza kufika kabla ya foleni ya wagonjwa.

Ardhi iliazimwa, swali halikuulizwa

Wapo wanaodhani anga za juu ni jambo jipya kwa watu wa Afrika Mashariki. Historia inasema vingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Marekani ilikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya anga kisiwani Zanzibar. John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu Februari 20, 1962, Zanzibar ilikuwa moja ya vituo vilivyomfuatilia. Kituo hicho kiliondolewa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi ya Januari.

Nchini Kenya, Waitaliano walirusha roketi kutoka kwenye jukwaa lililosimama baharini karibu na Malindi. Desemba 12, 1970, siku ya sherehe za uhuru wa Kenya, hapo ilirushwa satelaiti ya Marekani iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru. Ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani, na iligundua vyanzo zaidi ya 300 vya mionzi hiyo. Jina lilikuwa letu, na mahali palikuwa petu kwa sababu karibu na ikweta mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa ziada. Lakini swali ambalo satelaiti ile ilipelekwa kujibu lilitungwa kwingine.

Miaka hamsini baadaye mambo yameanza kubadilika, na waliobadilisha ni vijana. Mei 2018, satelaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Rwanda ilifuata mwaka 2019. Desemba 2022 ikaachiwa PearlAfricaSat-1 ya Uganda, iliyotengenezwa na wahandisi watatu wa nchi hiyo waliokwenda kusoma katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani. Miongoni mwa kazi zilizokusudiwa kwa kamera yake ni kufuatilia ubora wa maji na matumizi ya ardhi. Aprili 2023, Kenya ikarusha Taifa-1, ambayo gharama yake ilitajwa kuwa takriban Sh50 milioni za Kenya.

Vyombo hivi ni vidogo na vingi havidumu angani kwa miaka mingi. Umuhimu wake uko mahali pengine: kwa mara ya kwanza, swali lilitungwa na watu wanaoyanywa maji ya ziwa hilohilo.

Butiama: Mwezini au kijijini

Kutoka Bunda, barabara inarudi kaskazini hadi Kiabakari, na hapo njia inaingia kulia kwa mashariki... la kukumbukwa zaidi ni vilima vya mawe vinavyoipokea Butiama. Hapa alizaliwa Julius Kambarage Nyerere Aprili 13, 1922, na hapa, Mwitongo, ndipo alipozikwa baada ya kufariki dunia Oktoba 14, 1999. Kambarage ni jina la mzimu wa mvua katika imani za Wazanaki. Muda mrefu kabla ya satelaiti, watu wa vilima hivi walikuwa wakitazama juu kwa sababu chakula chao kilitegemea walichokiona.

Wageni wanaotembelea makumbusho na kaburi la Mwalimu hukumbushana mara nyingi wazo linalohusishwa naye: kwamba wakati wengine wanajaribu kufika mwezini, sisi bado tunajaribu kufika kijijini. Wazo hilo lina ukweli hadi leo. Mzazi anayepanga foleni zahanati ana haki ya kuuliza kwa nini fedha ziende angani wakati chumba cha kujifungulia hakina umeme. Swali lake linastahili jibu la heshima.

Jibu la heshima ni kwamba satelaiti ijipime kwa kijiji. Ikimrudisha mvuvi nyumbani, ikimwahi mbu, ikimwonya mlinzi wa shamba, basi imefika kijijini kwa njia ya mbinguni. Isipofanya hivyo, itakuwa pambo la gharama. Na anayeweza kusema kama imefika ni yule anayeishi kijijini, hasa kijana atakayebaki nayo kwa miaka 40 ijayo.

Dunia imeshalikubali hilo, angalau kwa maandishi. Julai 1999, miezi mitatu kabla ya kifo cha Mwalimu, Umoja wa Mataifa ulifanya jijini Vienna, Austria, mkutano wake wa tatu kuhusu anga za juu. Vijana waliokutana huko waliomba sauti, na matokeo yake likaanzishwa baraza la ushauri la vijana, linalojulikana kwa kifupi SGAC, kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 35. Baraza hilo lina hadhi ya mwangalizi katika kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia matumizi ya amani ya anga za juu.

Mlango upo, ila si kila kijana anauona. Mazungumzo huendeshwa zaidi kwa Kiingereza na kupitia intaneti, na wengi wanaoingia ni wanafunzi wa vyuo vikuu vya uhandisi. Mvuvi aliyeishia darasa la saba hayumo. Binti wa Bunda aliyeacha shule kwa ujauzito hayumo. Lakini Kiswahili ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika tangu Februari 2022, hivyo kudai nyaraka za mipango ya anga za juu kwa Kiswahili ni dai lenye msingi.

Mara pia ina kumbukumbu yake ya maamuzi makubwa kuhusu watoto. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuazimia kuharakisha elimu ya msingi kwa kila mtoto. Wakati ule swali lilikuwa mtoto aingie darasani. Sasa swali ni akiwa darasani, je, anaruhusiwa kuuliza?

Mfano upo wa nyumbani. Mwaka 1963, mwanafunzi Erasto Mpemba wa Shule ya Sekondari Magamba, mkoani Tanga, aligundua akitengeneza aiskrimu kwamba mchanganyiko wa moto uliganda kabla ya uliopoa. Alipouliza sababu, alichekwa. Hakunyamaza. Alimuuliza tena Dk Denis Osborne wa Chuo Kikuu, ambaye alikwenda kulijaribu jambo hilo badala ya kulipuuza. Mwaka 1969 walichapisha pamoja, na leo wanafizikia duniani hutaja jina la Mpemba wanapozungumzia jambo hilo.

Pa kuanzia nyumbani na shuleni

Mzazi hahitaji darubini ili kuanza. Jiografia ya kidato cha kwanza imekuwa ikifundisha mfumo wa jua, na fizikia ya kidato cha nne ikigusa elimu ya nyota. Kinachokosekana mara nyingi ni kuunganisha somo na maisha: kumwambia mtoto aandike siku za mwezi kwenye daftari kwa mwezi mzima, kisha alinganishe na bei ya dagaa. Akimaliza, atakuwa amefanya utafiti wake wa kwanza.

Watanzania wameshaonyesha kwamba anga huwavuta. Septemba 1, 2016, kupatwa kwa jua kulikoacha pete ya mwanga kulionekana vizuri Rujewa, wilayani Mbarali, Mbeya, na wanafunzi na wageni walifurika huko. Dk Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania amekuwa kwa miaka mingi akiwaeleza wasomaji wa magazeti namna ya kuzitambua nyota. Klabu ya sayansi ya shule yoyote inaweza kuanza na kurasa kama hizo na uwanja usio na taa. Jua lisitazamwe kwa macho matupu hata siku ya kupatwa, kwani huunguza retina bila maumivu na madhara yanaweza kuwa ya kudumu.

Kalenda pia inasaidia. Wiki ya Anga za Juu Duniani huadhimishwa kila mwaka Oktoba 4 hadi 10, na siku nne baadaye ni Siku ya Nyerere, inayoielekeza nchi nzima macho yake Butiama. Shule za mkoa zinaweza kuitumia wiki hiyo kuwauliza wanafunzi, wavuvi na vijana wa mashambani swali moja: kama Tanzania ingekuwa na jicho moja juu ya Mara, ungelitaka litazame nini, saa ngapi, na limwambie nani?

Majibu yaandikwe kwa Kiswahili, yasainiwe na waliyoyatoa, na yapelekwe kwa maofisa wa halmashauri na wabunge wa mkoa kabla wahandisi hawajachagua kamera. Baada ya satelaiti kurushwa, kamera haibadilishwi.